Ramani za kompyuta zinavyotabiri makazi ya sokwe mtu Kigoma

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

WATAALAMU wa wanyamapori mkoani Kigoma hawaishii kuuliza sokwe mtu wanaishi wapi. Huuliza pia ni wapi wanaweza kuishi, kwa kuwa jibu hilo husaidia kuamua msitu upi uhifadhiwe kwanza.

Kila kiumbe kina masharti yake ya kuishi: joto, mvua, mwinuko wa ardhi, aina ya miti na chakula. Jumla ya masharti hayo huitwa nishe ya ikolojia. Ili kuitabiri, watafiti hukusanya kumbukumbu za mahali mnyama alipoonekana au alipoacha dalili, wakaziingiza kwenye kompyuta pamoja na takwimu za mazingira ya mahali hapo. Programu hutafuta sifa zinazojirudia, kisha huchora ramani ya maeneo mengine yenye sifa hizo, hata yale ambayo mtafiti hajafika.

Kwa sokwe mtu, dalili kubwa ni kiota anachojenga mtini kila jioni kwa kukunja matawi.

Jane Goodall, aliyefariki dunia Oktoba 2025, alianza utafiti Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, Julai 1960. Gombe, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, ni ukanda mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika na milima. Nje ya mipaka yake kuna vijiji, mashamba ya mihogo na michikichi. Kwa kawaida majike wanaopevuka huhamia makundi mengine. Njia zikifungwa, ndugu huweza kuzaana na kizazi kudhoofika.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, wakishirikiana na Taasisi ya Jane Goodall, walichapisha mbinu ya kufuatilia makazi ya sokwe mtu barani Afrika kwa picha za setilaiti za Landsat, ambazo kila nukta yake huwakilisha ardhi ya takribani meta 30 kwa 30.

Hata hivyo, ramani hizo huweza kupotosha. Kusini, katika Masito na Ugalla, sokwe mtu huishi kwenye miombo mikavu na kuzunguka maeneo mapana kuliko wenzao wa Gombe. Kompyuta iliyopewa kumbukumbu za Gombe pekee ingeweza kuyaona mapori hayo kuwa hayafai. Aidha, mahali panapofaa si lazima pawe na sokwe, kwani ujangili na magonjwa huweza kuwamaliza huku miti ikibaki.

Kwa kuwa sokwe mtu wengi wa Tanzania wako nje ya hifadhi za taifa, kazi kubwa iko vijijini. Kupitia mpango wa TACARE, ulioanzishwa na taasisi hiyo mwaka 1994, vijiji vimesaidiwa kupanga matumizi bora ya ardhi na kutenga misitu ya hifadhi. Walinzi wa misitu waliochaguliwa na wanakijiji hutumia simu kurekodi viota, mitego na miti iliyokatwa, na kumbukumbu hizo hurudi kwenye ramani.

Lakini ardhi hiyo hiyo inahitajika kwa shamba na kuni. Ramani huonyesha msitu unaoweza kuunganisha makundi ya sokwe. Kuutenga au kuulima ni uamuzi wa wanakijiji katika mkutano mkuu wao.