Moodle na Canvas: Mifumo Miwili ya Masomo na Malezi Yake

Martin Dougiamas alikulia katika jangwa la Australia Magharibi, ambako utotoni alisoma kwa redio kwa kuwa shule ilikuwa mbali mno. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Curtin mjini Perth, alisimamia WebCT, mfumo wa masomo ya mtandaoni uliobuniwa Kanada. Haukumridhisha, akaanza kutunga wake. Moodle toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002, likiwa huria: yeyote angeweza kulichukua, kulifungua na kulibadili.

Canvas ina asili nyingine. Brian Whitmer na Devlin Daley walikuwa wanafunzi wa uzamili huko Utah, Marekani, walipoanzisha Instructure, kampuni iliyotengeneza Canvas, mwaka 2008. Kilichowakera si umbali, bali ugumu wa mifumo iliyokuwepo: ilikuwa mizito na yenye kurasa nyingi za kupitia kabla ya kufika unakokwenda.

Malezi haya yanaonekana ukiingia ndani. Moodle ina jukwaa la maswali na majibu ambamo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka atoe lake. Mwenye haya analazimika kusema, na mwenye kunakili anakosa pa kunakili. Dougiamas hakuficha imani yake kwamba watu hujifunza vyema wanapojenga kitu pamoja. Fahari ya Canvas ni SpeedGrader: kazi ya mwanafunzi iko upande mmoja wa skrini, alama na maoni upande wa pili, na mhadhiri akimaliza anabofya tu kumfuata mwanafunzi mwingine. Wapo wanaouona huu kuwa urahisi wa ofisini. Mimi nauona ni ualimu kamili, maana maoni yanayomfikia mwanafunzi angali anakumbuka alichoandika yana thamani kuliko hotuba ndefu ya mwisho wa muhula.

Kuhusu uhuru, mpaka kati yao si mnyoofu kama unavyodhaniwa. Msimbo wa Canvas nao ni huria, lakini vyuo vingi hukodi huduma na kuiachia kampuni kazi ya seva. Moodle haina ada ya leseni, ila inadai mafundi, umeme wa uhakika na mtu wa kuamka usiku seva ikizidiwa siku ya mtihani. Chuo kimoja kinalipa fedha, kingine kinalipa watu wake, na hao watu wanabaki na ujuzi.

Afrika haikuwa mpokeaji tu. Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, kilichoanzishwa enzi za ubaguzi kwa ajili ya watu walioitwa machotara, kilitunga mfumo wake, KEWL, na Makerere ikawa miongoni mwa vyuo vilivyoshiriki kuuendeleza. Leo MUELE, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa Makerere, unasimama juu ya Moodle. Sioni kushindwa hapo: aliyekwisha kuandika msimbo wake mwenyewe huusoma wa wengine bila woga.

Ningekuwa mshauri wa chuo ambacho wanafunzi wake hununua bando la siku, ningeanza na programu ya simu ya Moodle. Mwanafunzi hupakua somo palipo na mtandao, akalisoma nyumbani bila bando, na majibu yake yakapanda atakapounganishwa tena.