Nyumba za Mbwa Zinazochorwa na Wasanifu Mashuhuri: Zipi Zinatufaa?

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, na Rehma na amani zimshukie Nabii Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo, picha za nyumba na samani za mbwa huzunguka sana kwenye simu, na wenye mbwa wa kulinda shamba au banda la mbuzi huuliza kama inafaa kumjengea. Tutaeleza jambo lenyewe, kisha hukumu yake.

Jambo lenyewe

Mwaka 1956, mtoto wa miaka 12 huko California, Marekani, alimwandikia msanifu Frank Lloyd Wright akiomba ramani ya kibanda cha mbwa wake, Eddie. Wright, ambaye alikuwa amechora nyumba ya wazazi wa mtoto huyo, alimtumia ramani ya kibanda cha pembe tatu bila ya malipo. Kilipojengwa, paa lilivuja.

Mwaka 2012, Mjapani aitwaye Kenya Hara aliongoza mradi ambao kila msanifu alimchorea mbwa wa aina moja. Dachshund, mwenye miguu mifupi na mgongo mrefu, hutaabika na ngazi, akatengenezewa mteremko. Shigeru Ban alitumia mirija ya karatasi ngumu. Wengine walivisha fremu ya mbao nguo kuukuu ya mwenye mbwa ikawa kitanda. Ramani zilitolewa bure kwenye intaneti.

Hukumu yake

Imethibiti katika Al-Bukhaariy na Muslim kwamba anayefuga mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba hupungukiwa thawabu kila siku, na kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Na katika madhehebu ya Shaafi'iy mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo samani za kumweka mbwa sebuleni si zetu, hata zikiwa nzuri vipi, na kuzigharamia ni israfu.

Lakini mbwa anayeruhusiwa ana haki. Kumlisha na kumnywesha ni wajibu wa mwenye naye, na tunajua habari ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kumfunga mnyororo juani mchana kutwa, kisha kumwacha kwenye mvua ya masika, ni dhulma. Kibanda chake, basi, ni katika ihsani.

Namna ya kukijenga

Tuchukue kwa wasanifu hao jambo moja: kumpima mnyama kwanza. Aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Sakafu iinuliwe juu ya mawe. Mlango usielekee upepo wa mvua. Paa la makuti linatosha, maadamu halivuji. Kiwe nje, mbali na jikoni na mahali pa kuswalia, na bakuli lake lisichanganywe na vyombo vya nyumbani.

Mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyetajwa katika Suwratul-Kahf, alikuwa kizingitini: karibu nao kwa ulinzi, wala hakuwa ndani pamoja nao. Hapo ndipo pa kujenga.

Na Allaah Anajua zaidi.