Waliokataliwa na Mtihani: Maandalizi ya Utumishi wa Serikali katika China ya Wafalme

Mtihani wa kuwapata watumishi wa serikali ya kifalme ya China, ulioitwa keju, ulianza chini ya ukoo wa Sui kati ya mwisho wa karne ya 6 na mwanzo wa karne ya 7, ukafutwa kwa amri ya mfalme mwaka 1905. Historia yake kwa kawaida huwafuata waliofaulu, kwa kuwa hao ndio walioachiwa vyeo na majina yao kuchongwa kwenye mawe. Hata hivyo mtihani wenyewe ulikuwa wa siku chache tu, ilhali kujiandaa kulimaliza ujana wa mtu na mara nyingi utu uzima wake pia, na walioishikilia kazi hiyo ya kuandaa, kijiji kwa kijiji, walikuwa zaidi wale ambao mtihani ulikuwa umewakataa.

Katika enzi za Ming na Qing, yaani tangu 1368, ngazi zilikuwa tatu: xiucai, shahada ya wilaya na jimbo dogo, ambayo haikumpa mtu kazi bali ilimwondolea shokoa na kumpa heshima mbele ya hakimu, juren, iliyotahiniwa katika mji mkuu wa mkoa kila baada ya miaka mitatu, na jinshi, iliyotolewa katika mji mkuu wa dola baada ya mtihani wa mwisho katika kasri la mfalme.

Mtoto wa kiume alianzishwa akiwa na umri wa miaka saba hivi, kwa vitabu vya mwanzo kama Qianziwen, chenye herufi 1,000 zisizojirudia, kisha akaingizwa katika Vitabu Vinne na Misahafu Mitano ya mafundisho ya Konfusio. Mwanahistoria wa Kijapani Ichisada Miyazaki alihesabu kwamba maandiko ya lazima yalifikia herufi 431,286, ikizingatiwa kwamba kila herufi ya Kichina ni neno au kipande cha neno, hivyo mwanafunzi aliyehifadhi herufi 200 kwa siku alihitaji takriban miaka sita kuyamaliza. Aliposomesha, mwalimu alimtaka mwanafunzi ampe mgongo asione kitabu, kisha aghani alichohifadhi. Ndiyo maana neno la Kichina la kuhifadhi kwa moyo, bei, ni lile lile la mgongo. Msomaji aliyepitia chuo cha Kurani ataitambua njia hiyo, pamoja na desturi ya kutanguliza kuhifadhi na kuchelewesha maana. Maana yenyewe, ilipofika, haikuachwa wazi: amri ya mwaka 1313, chini ya utawala wa Wamongolia, iliufanya ufafanuzi wa Zhu Xi, mwanafalsafa wa karne ya 12, kuwa ndio unaokubalika mtihanini.

Baada ya kuhifadhi lilifuata zoezi gumu zaidi, nalo ni insha iliyoitwa bagu, yaani ya miguu minane, ambayo ilikomaa katika karne ya 15 na kumtaka mwandishi aigawe hoja yake katika jozi za sentensi zinazolingana kwa urefu na kwa mpangilio wa maneno, huku akisema kana kwamba ni mwanachuoni wa kale mwenyewe anayenena. Insha hiyo imetukanwa sana, pengine kupita kiasi, kwa maana mtu anayejua vina na mizani anafahamu kwamba kanuni kali hazimzuii mwenye kipaji. Aibu iliyo ya kweli ilikuwa sokoni, ambako wachapaji, wale wa Jianyang katika mkoa wa Fujian wakiwa miongoni mwa mashuhuri, waliuza mikusanyo ya insha za mfano, na wasimamizi wa elimu wakalalamika kwamba vijana wanakariri insha za wenzao bila kuvigusa vitabu vilivyotahiniwa.

Gharama ya miaka hiyo yote ilibebwa na ukoo. Mfano ulioigwa sana ni wa waziri Fan Zhongyan, ambaye mnamo 1050 aliweka mashamba kama wakfu wa jamaa zake huko Suzhou. Koo nyingine zikafuata, zikitenga mapato ya ardhi kwa ajili ya karo na nauli ya watahiniwa. Wanawake hawakuruhusiwa kutahiniwa, ingawa katika nyumba za wasomi mama mara nyingi ndiye aliyemfundisha mwanawe herufi za kwanza.

Uwanja wa mtihani wa Nanjing, mwishoni mwa karne ya 19, ulikuwa na vijumba zaidi ya 20,000, kila kimoja kikiwa na mbao mbili tu zilizotumika kama kiti na meza mchana, na kama kitanda usiku. Majina yalifunikwa na majibu yakanakiliwa upya na makarani, ili msahihishaji asiutambue mwandiko.

Wengi walirudi nyumbani mikono mitupu na kufungua darasa. Pu Songling, mwandishi mashuhuri wa hadithi za mizimu, alipata xiucai akiwa kijana mwaka 1658, akashindwa mtihani wa mkoa hadi uzeeni, akaishi kwa kufundisha watoto wa matajiri. Hong Xiuquan alikuwa mwalimu wa kijiji aliyeshindwa mara nne huko Guangzhou, akaugua na kuona njozi baada ya kushindwa mwaka 1837, kisha akaongoza uasi wa Taiping wa 1850 hadi 1864, ambao watu wapatao milioni 20 wanakadiriwa kufa kwa sababu yake.

Mtihani ulipofutwa mwaka 1905, waliofaulu walibaki na shahada zao, lakini walimu walipoteza wanafunzi. Liu Dapeng wa mkoa wa Shanxi, aliyepata juren mwaka 1894 na kuikosa jinshi, alikuwa akifundisha katika nyumba ya tajiri wakati habari hiyo ilipomfikia, akaiandika katika shajara yake kwa majonzi. Miaka iliyofuata aligeukia kilimo na biashara ya machimbo madogo ya makaa ya mawe.