Hodhi Kabla ya Nyumba: Makazi ya Haud

Iwapo ungetaka kujijengea makazi katika nchi isiyo na mto, kisima wala bomba, ungeanzia wapi? Wengi wangetaja ukuta na paa. Majirani zetu Wasomali wa Haud walianza na shimo.

Haud ni uwanda mpana na mkavu ulioko kusini mwa Somaliland, na sehemu yake kubwa imo ndani ya Ethiopia. Maji ya ardhini yako chini mno, hayafikiki kwa jembe na kamba. Wafugaji waliingia huko mvua za gu ziliponyesha, kati ya Aprili na Juni, wakaondoka madimbwi yalipokauka. Nyumba yao, aqal, ilifaa maisha hayo: matao ya miti yaliyofunikwa kwa mikeka, kazi ya wanawake, ikifunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia.

Katika miaka ya 1950 saruji ilibadilisha mambo. Familia zilianza kujenga mahodhi yaitwayo berkad. Lisikilize neno hilo vizuri: ni ndugu wa birika letu (lile lenye maana ya hodhi, si la chai), yote mawili yakiwa na asili ya Kiarabu. Wajenzi walichagua mteremko, wakachimba, wakasimamisha kuta za mawe na kuzipiga lipu, kisha wakainua vituta vya udongo vya kuyaongoza maji. Hesabu yake unaiweza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hodhi lenye urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kina cha mita 3 hubeba lita 600,000. Lakini jua nalo hunywa, ndiyo maana wengine hulifunika kwa matawi ya miiba. Na ufa usiozibwa huweza kulimaliza kabla ya kiangazi kwisha.

Malisho yalikuwa ya wote, ila hodhi lilikuwa la aliyelijenga. Mwenye maji aliweza kukaa mwaka mzima na kuwauzia wapitao. Wengine walizungushia uzio hata nyasi. Vijiji vikaota, na malisho ya karibu yakaliwa hadi udongo. Sioni haki kumlaumu aliyechimba kwa mikono yake, lakini nauelewa uchungu wa mchungaji aliyekuta uzio katika njia ya babu zake. Isitoshe, mwaka 1954 Uingereza ilikubali kwa mkataba kuirejesha Haud chini ya Ethiopia bila ridhaa ya Wasomali, na mpaka ukawatenga wengi na malisho yao.

Vita vilipowaka kaskazini mwaka 1988, jeshi la Siad Barre liliharibu mahodhi mengi, maana kuvunja ukuta wa maji kulitosha kuhamisha kijiji kizima. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Ethiopia. Waliporejea katika miaka ya 1990, walihitaji tena mawe, saruji na mvua.