Mabaki ya Vita Kalemie na Swali la Mahali pa Kuanzia

Mji wa Kalemie nchini Kongo, ulioitwa Albertville enzi za Wabelgiji, umepitiwa na majeshi mengi kwa sababu ni bandari ya Ziwa Tanganyika na ni mwisho wa reli itokayo Kabalo. Agosti 1914 meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia hapo Alexandre Delcommune ya Wabelgiji. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, ukarudishwa na jeshi la serikali pamoja na mamluki. Na mwaka 1998 ukaangukia mikononi mwa RCD, kundi la waasi lililoungwa mkono na Rwanda. Vita hivyo vya mwisho, vilivyofika hadi Pweto mwishoni mwa mwaka 2000, ndivyo hasa vilivyoacha mabaki yanayosumbua wakulima wa kaskazini mwa Katanga, eneo ambalo sehemu yake ndiyo mkoa wa Tanganyika tangu 2015.

Mabaki hayo sheria haiyatazami kwa jicho moja. Bomu la kutegwa ardhini huzikwa makusudi ili limsubiri atakayelikanyaga, ilhali kombora lisilolipuka ni lile lililorushwa likagoma, na kando yake yapo maguruneti na risasi zilizotelekezwa askari walipokimbia. Mkataba wa Ottawa, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2002, unaipa nchi miaka 10 kusafisha maeneo yaliyotegwa mabomu dhidi ya watu, muda ambao kwa Kongo umeongezwa zaidi ya mara moja. Lakini kombora lililolala shambani halina tarehe ya mwisho katika mkataba huo, ingawa nchini Kongo makombora ya namna hiyo yameenea kuliko mabomu ya kutegwa.

Mpangilio wa kwanza wa kazi ya usafishaji haukuanzia kwa mkulima. Azimio 1291 la Baraza la Usalama, la Februari 2000, liliiruhusu MONUC, yaani ujumbe wa Umoja wa Mataifa, kufanya uteguaji wa dharura kwa kadiri ulivyosaidia majukumu yake yenyewe, na kwa hiyo palipohitajiwa na walinda amani palikuwa na haki ya kutangulia. Uamuzi huo ulieleweka, kwani msafara usiopita haumlindi mtu, ila uliliacha shamba la muhogo lingoje. Wakimbizi walipoanza kurejea Moba na Pweto kutoka Zambia mwaka 2007, uzito ulibidi uhamie kwenye vijia, visima na mashamba, na mashirika ya uteguaji, likiwemo DanChurchAid la Denmark, yakategemea zaidi upelelezi usio wa kiufundi, yaani kuwauliza wenyeji walichokiona, kwa kuwa wapiganaji hawakuacha ramani za kutegemewa.

Katika mpangilio huo, kambi za kijeshi ndizo zilizobaki nyuma, kwa maana kambi inayohamwa na jeshi moja huingiwa na jingine, na ghala lake hurudi kuwa siri ya kijeshi isiyoorodheshwa na raia. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania isiyo na vita ilionja hatari hiyo pale maghala ya silaha yalipolipuka Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, makombora yakaangukia makazi ya watu ambao hakuna orodha ya usafishaji iliyokuwa imewahi kuwataja.