Hii ni ya king'amuzi gani?

Msasani ninayoisema si ile ya Dar es Salaam yenye ufukwe. Ni kata ya mjini Tukuyu, mji ambao una Bagamoyo yake pia na bahari hauijui. Huku mvua ikishika bati, mnaongea kwa ishara mpaka itulie.

Siku ya mvua ya namna hiyo nilimpelekea fundi wetu wa redio na televisheni kibodi cha kijani, ukubwa wa kitambulisho cha NIDA, gramu 45 hivi. Akakigeuza. Akakinusa, maana mafundi huanza na pua kutafuta harufu ya kuungua. Kisha akauliza: "Hii ni ya king'amuzi gani, kaka?" Nikamjibu kwamba ni kompyuta nzima, inaitwa Raspberry Pi. Waliokuwa wamejibanza barazani kukwepa mvua wakaangua kicheko. Mzee mmoja akataka kujua mbona kompyuta yenyewe iko uchi.

Fundi alikuwa amelenga karibu kuliko alivyodhani. Chipu iliyo katikati ya kibodi hicho, BCM2835 ya kampuni ya Broadcom, ni ya jamii inayoundwa kwa vifaa vya kuchezea video. Eben Upton, aliyekuja kuwa mhandisi wa Broadcom, alikuwa ameanza kujaribu vibodi vya namna hii mwaka 2006 alipokuwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Kilichomsumbua ni vijana walioomba kusoma sayansi ya kompyuta: walikuwa wanapungua, na waliokuja walijua kuitumia mashine bila kujua kuiandikia programu. Kizazi kilichowatangulia kilijifunzia kwenye kompyuta ya BBC Micro ya mwaka 1981. Ndiyo maana Raspberry Pi nayo ilipewa majina ya Model A na Model B, kama ile. Taasisi yake ilianzishwa mwaka 2009, na Mei 2011 dunia ikaahidiwa kompyuta ya dola 25.

Watu wakaguna, na walikuwa na haki. Ahadi kama hiyo walishaisikia. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha kompyuta ya watoto wa nchi maskini, bei dola 100, yenye mkono wa kuzungusha ili kupata umeme. Mkono ule ukavunjika akiushika Kofi Annan, mbele ya waandishi wa habari. Ilipoingia sokoni bei ilikuwa inakaribia dola 200. Jirani zetu Rwanda waliinunua kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika.

Sisi tuna guno letu, tena la zamani zaidi. Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine mambo yakaenda mrama: fedha za kigeni zilitoka, wataalamu walikuwa wageni, na vitabu havikulingana. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake bila kibali. Vijana wa leo wakisikia habari hiyo hucheka. Mimi siwezi kuwacheka wazee wale. Waliuliza nani ataitengeneza ikiharibika na kwa hela ya nani, na swali hilo liko mezani hadi sasa. (Wanalugha nao walipotafuta jina la mashine hii wakatuletea "ngamizi", neno ambalo mhasibu yeyote aliyeyaona yale angesikia ndani yake kuangamia.)

Raspberry Pi ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Model B ilikuwa dola 35, shilingi elfu hamsini na kitu kwa wakati ule. Tovuti za wauzaji zilizidiwa na wateja asubuhi ileile. Mzigo wa kwanza ulikuwa vibodi 10,000 tu, na hata huo ulichelewa kwa sababu kiwanda cha China kilichomea tundu la waya wa mtandao lisilo la aina iliyotakiwa. Baada ya hapo hakuna aliyeshika breki. Mwaka 2014 Wachina wakatoa Banana Pi, ambayo kwa haki ingezinduliwa kwetu Rungwe kwenye migomba. Mwaka 2015 ikatoka Zero, ya dola 5, ikagawiwa bure juu ya jalada la jarida kama kalenda ya mwaka mpya.

Ila hesabu ya fundi wangu ilikuwa nyingine. Kibodi elfu hamsini, sawa. Kioo je? Kibodi cha kuandikia, kipanya, chaja, kadi ya kumbukumbu? Alihesabu kwa vidole akafika mkono wa pili, akasema, "Rahisi ghali."

Kwa Tanzania, jibu lililonitosheleza niliona limetoka Karatu. Shirika la Kimarekani la Powering Potential, lililoanzishwa na Janice Lathen, lilifunga maabara za Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa umeme wa jua katika shule za sekondari, Banjika ikiwa miongoni mwake. Bei haikuwa sababu pekee. Model B hula wati tatu na nusu hivi, kama balbu ndogo ya LED, hivyo paneli na betri ambazo zingezidiwa na kompyuta chache za mezani zinabeba darasa. Humo waliweka RACHEL, maktaba ya Wikipedia na masomo ya video isiyohitaji intaneti. Kwa hiyo mashine iliyobuniwa ili watoto wa Uingereza waandike programu, kwetu ilianza kazi kama kabati la vitabu. Sioni aibu hapo. Shule isiyo na vitabu huanza na vitabu.

Turudi kwa fundi. Tuliichomeka kwenye televisheni ya mteja. Taa nyekundu ikawaka, ya kijani ikapepesa, maandishi meupe yakaanza kuporomoka kwenye kioo cheusi, na baraza lote likanyamaza. Radi ikapiga upande wa mlimani. Umeme ukakatika. Uliporudi, taa nyekundu iliwaka peke yake. Ile ya kijani haikupepesa tena. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa imekatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandikwa.

Nilikwenda kuiandika upya kwenye kompyuta ya rafiki. Kesho yake nikakuta fundi ameshatoa betri ya pikipiki uvunguni, ameiunga na chaja ya simu ya kwenye gari, na pembeni amefungua king'amuzi kibovu. Amevilaza vibodi viwili sambamba, anafuata njia za shaba kwa ncha ya bisibisi, kimoja baada ya kingine, hataki kusemeshwa.