Nauli na Masurufu ya Meli ya Kitalii

Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ikipokea meli kubwa nyeupe iliyojaa wageni, mtangazaji wa redio husema imefunga gati "meli ya kitalii", na hakuna anayeuliza maana. Chombo kimepata jina. Safari inayofanywa kwa chombo hicho, ile ambayo Waingereza huiita "cruise", bado inatafuta lake. Wapo wanaosema "safari ya meli ya kitalii", wapo wanaosema "utalii wa meli", na wapo wanaofupisha na kusema "kruzi" tu. Asili ya neno la Wazungu ni kitenzi cha Kiholanzi, kruisen, yaani kuikata bahari huku na huku, njia ikipita juu ya njia kama msalaba. Waitaliano wanasema crociera, Wahispania crucero, na Wagiriki na Waturuki walilipokea kutoka kwa Wafaransa. Kwetu kruza ni gari, na "kruzi" haimwambii lolote mtu ambaye hajui tayari. Mimi nashikilia "safari ya meli ya kitalii". Ni ndefu, lakini inasema kweli: feri hukuvusha ukashuka na mzigo wako, ilhali meli ya kitalii ni hoteli inayotembea, na mara nyingi hukurudisha kwenye gati ileile uliyopandia.

Hata hivyo, istilahi itakayomwokolea fedha anayekwenda Mediteranea kwa safari kama hiyo mara ya kwanza, au itakayomponza, ni nyingine tena ya zamani: nauli.

Neno hili lina asili katika bahari hiyohiyo. Wagiriki wa kale waliita naulon malipo ya kubeba mtu au shehena kwa chombo. Waarabu wakalichukua, likavuka nao hadi pwani yetu, na hadi leo Mgiriki wa Piraeus akitaja navlos, baharia wa Lamu angeweza kukisia anazungumzia nini. Maana yake kwetu imebaki finyu na safi: malipo ya kubebwa. Ndiyo sababu Mswahili hamfungishi mtu safari kwa nauli peke yake. Mzazi humpa mtoto nauli na masurufu, yaani fedha za matumizi ya njiani na ya huko aendako. Katika ofisi za serikali nchini Tanzania, mtumishi huchukua masurufu kabla ya kuondoka, na akirudi hufanya marejesho kwa stakabadhi. Jozi hiyo, nauli na masurufu, ndiyo istilahi ninayoiona inafaa zaidi kupangia bajeti ya meli ya kitalii, kwa kuwa tangazo la kampuni hutaja la kwanza kwa herufi kubwa na la pili likanyamaziwa.

Zamani halikunyamaziwa. Mwaka 1867 meli ya mvuke iliyoitwa Quaker City iliondoka New York na abiria waliokwenda kutembea Mediteranea na Nchi Takatifu. Mmoja wao alikuwa Mark Twain, aliyeiandikia kitabu cha The Innocents Abroad. Waraka uliotangaza safari hiyo uliweka nauli ya mtu mzima kuwa dola 1,250, kisha ukamwambia msafiri wazi atenge kama dola 5 za dhahabu kwa siku kwa matumizi ya nchi kavu. Nauli hii, masurufu haya. Sijaona tangazo la siku hizi lenye uungwana huo.

Nauli ya leo inanunua kitanda, chakula cha mikahawa ya kawaida melini, burudani za jioni, na mwendo wa chombo chenyewe. Inatangazwa kwa kila mtu, lakini kwa sharti kwamba chumba kina watu wawili. Anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza, na kwenye meli nyingi nyongeza hiyo hufikia karibu nauli ya mtu wa pili ambaye hayupo. Bei ya chini kabisa unayoiona kwenye tangazo ni ya chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Sioni ubaya wake kwa safari ya wiki moja ambayo mchana kutwa uko bandarini. Kwa anayeogopa kichefuchefu, chumba cha katikati ya meli kwenye ghorofa za chini huyumba kidogo kuliko cha omo au cha tezi, na kwa bahati nzuri hakiwi ghali zaidi ya vile vya juu.

Kabla ya nauli kamili kuna arubuni, ambayo mtaani huitwa kianzio. Hili nalo ni neno la wafanyabiashara wa kale wa Mediteranea: Wagiriki walisema arrabon, neno walilolipata kwa watu wa lugha za Kisemiti, na Waarabu wana lao la asili hiyohiyo. Naling'ang'ania mbele ya "malipo ya awali" kwa sababu ya sharti lililomo ndani yake. Malipo ya awali ni sehemu ya deni tu. Arubuni ni fedha ya kufunga makubaliano, na mnunuzi akighairi, kwa desturi imekwenda. Hivyo ndivyo kampuni nyingi za meli zinavyofanya na nauli za bei rahisi: arubuni hairudi. Salio hudaiwa miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuondoka, na baada ya hapo kila wiki inayopita hupunguza kiasi utakachorudishiwa ukijitoa.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, hapa ndipo pa kutulia na kusoma ratiba bandari kwa bandari kabla ya kutoa arubuni. Chukua njia ya kawaida ya Bahari ya Aegean: unapanda Piraeus, bandari ya Athens, unafika Mykonos, kesho yake Kuşadası upande wa Uturuki kuyaona magofu ya Efeso, kisha Patmos, Rhodes, Krete, Santorini, na kurudi Piraeus. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Uturuki haimo. Meli ikienda Kuşadası umetoka Schengen, na ikifika Patmos unaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja ameshaimaliza alipotua Athens, na kampuni inaweza kumkatalia kupanda tangu siku ya kwanza. Inatakiwa viza ya kuingia mara nyingi, na iombwe kwa kutaja ratiba nzima. Njia za Adriatiki zina mtego huohuo: Kroatia iliingia Schengen Januari 2023, lakini Kotor iko Montenegro, nje ya eneo hilo. Masharti ya Uturuki, Misri au Tunisia kwa abiria wa siku moja hutegemea pasipoti, hivyo kampuni iulizwe na ijibu kwa maandishi.

Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, mbali na malipo ya kituo kinachopokea maombi. Bima ya afya ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla. Ukiiweka kalenda hii kando ya kalenda ya malipo ya meli, utaona hatari iliko: unaweza kuwa umelipa nauli yote kabla viza haijatoka. Ushauri wangu ni kutafuta nauli ambayo arubuni yake inarudi au tarehe yake inaweza kusogezwa, hata kama ni ghali kidogo.

Zinafuata tozo. Msomaji wa Tanzania hahitaji kufundishwa neno hili. Tozo za bandari hulipwa kwa kila mahali meli inapofika, na baadhi ya matangazo huziweka nje ya nauli. Ugiriki iliongeza ya kwake Julai 2025: Juni hadi Septemba, abiria anayefika kwa meli ya kitalii Santorini au Mykonos hutozwa euro 20, na bandari nyingine za nchi hiyo euro 5, na miezi mingine viwango hushuka. Upepo au foleni ya meli ikimlazimisha nahodha kuiruka bandari, kwa kawaida tozo yake hurudishwa kwenye hesabu yako ya melini. Hutokea zaidi Julai na Agosti, wakati meltemi, kaskazi ya Aegean, inapovuma kwa nguvu kiasi kwamba boti ndogo haziwezi kushusha watu. Miezi hiyo pia ndiyo ya joto kali na nauli za juu. Mei na Oktoba ni bora kwa mfuko na kwa miguu.

Neno ambalo kampuni zimelitumia vibaya ni bakshishi. Kiajemi, Kituruki, Kiarabu na Kiswahili vyote vinakubaliana kwamba bakshishi hutoka kwa hiari ya mtoaji. Kiasi kinachoingizwa chenyewe kwenye hesabu yako kila siku, kwa kila kichwa, ni ada ya huduma, na ndivyo ninavyotaka kiitwe. Kampuni za Kimarekani hutoza kati ya dola 16 na 20 kwa siku kwa chumba cha kawaida. Watu wawili kwa siku saba ni zaidi ya dola 220, na wengi huzigundua mwisho wa safari. Baadhi ya kampuni huruhusu abiria kwenda mapokezi kuipunguza. Siungi mkono kufanya hivyo. Anayetandika kitanda chako ni Mfilipino, Mhindi au Mwindonesia aliyeacha watoto nyumbani kwa miezi mingi, na ada hiyo ni sehemu kubwa ya ujira wake. Iandike kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, ukijaliwa uongeze bakshishi halisi mkononi.

Masurufu makubwa zaidi huliwa nchi kavu, na huanzia kwenye majina ya bandari. Tangazo likisema Roma, meli inafunga gati Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka mjini. Likisema Florence, unashukia Livorno. Likisema Venice, soma tena: tangu Agosti 2021 meli za tani zaidi ya 25,000 haziruhusiwi kupita mfereji wa Giudecca mbele ya mji, na safari nyingi za "Venice" huanzia Marghera, Trieste au Ravenna. Ziara ya nchi kavu inayouzwa na meli huwa ghali, ila ina dhamana moja: basi likichelewa, meli inasubiri. Anayepanda treni ya Civitavecchia mwenyewe hutumia sehemu ndogo ya fedha hizo, lakini akichelewa kurudi ataiona meli ikiondoka na nauli ya kuifuata bandari ijayo ni yake. Mahali treni zinapopita mara kwa mara, kama Roma na Athens, ningekwenda mwenyewe na kurudi saa mbili kabla.

Santorini ni hesabu tofauti. Meli haifungi gati wala haiwezi kutia nanga kwa urahisi, kwa kuwa imesimama ndani ya tundu la volkano lenye kina cha mamia ya mita. Boti hukushusha chini ya ukuta wa mwamba mwekundu na mweusi, na mji wa Fira uko juu kabisa, nyumba nyeupe zimejipanga ukingoni. Kutoka hapo njia ni tatu: vigari vinavyoning'inia kwenye waya, ngazi za mawe karibu 600, au nyumbu wanaopanda ngazi hizohizo na kuzichafua. Vigari vina tiketi ya kwenda na ya kurudi, na jioni foleni ya kushuka inaweza kula saa nzima. Kisiwa kimeweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, na bado kwenye vichochoro vya Fira watu hupita ubavuubavu. Tenga fedha za tiketi mbili na muda wa foleni moja.

Sasa jumla, kwa tarakimu za mfano na kwa mtu mmoja anayelala chumba cha wawili. Tangazo linasema euro 600 kwa siku saba. Tozo za bandari zikiwa 150, ada ya huduma 14 kwa siku yaani 98, viza 90, bima 40, nusu ya chumba cha hoteli usiku wa kutangulia 60, matumizi ya bandari nne 160, na tiketi ya ndege 900, inafika euro 2,098. Nauli iliyokuvutia haifiki theluthi. Usiku wa hoteli usiufute kwa kubana matumizi, kwa sababu ndege ikichelewa meli haina habari nawe.

Humo sijaweka kifurushi cha vinywaji, ambacho mmoja akikinunua, kampuni nyingi huwataka watu wazima wote wa chumba chake wakinunue, wala intaneti, ambayo melini ni ghali. Asiyekunywa pombe hahitaji kifurushi hicho.

Jambo la mwisho ni kadi. Siku ya kupanda, meli hukuomba kadi ya benki na kuzuia kiasi fulani kama dhamana ya matumizi. Kadi ikiwa ni ya akaunti yako ya kawaida, fedha hizo zinafungwa kweli na zinaweza kuchelewa siku kadhaa kufunguliwa baada ya safari, ukiwa Athens na njaa. Kwenye meli nyingi inaruhusiwa kuweka fedha taslimu badala yake. Hesabu iangalie kila jioni kwenye simu au mapokezi. Usiku wa mwisho, kabla ya saa nne, peleka malalamiko ya kila kinywaji usichoagiza, kwa kuwa asubuhi yake abiria wote watakuwa kwenye foleni hiyohiyo na mizigo mikononi.